Miezi Miwili Kamili

Kiti kile nilikitengeneza mwenyewe kwa mabaki ya mbao niliyoomba kwa seremala, na kilikuwa na mguu mmoja mfupi. Mtu akikikalia bila kujua, kilimwinamisha mbele kama anayetaka kumnong'oneza mtu siri. Kwa miaka mitatu aliyekikalia alikuwa mmoja tu, mzee mwenye ploti niliyopanga, na alikuwa na ufundi wake: alitanguliza kalio la kushoto, akapachika kisigino cha kiatu chini ya ule mguu mfupi, ndipo akashusha uzito wake wote na kusema, "Haya, fundi. Dunia inasemaje?"

Nilifika Keroka miaka michache baada ya Uhuru, cherehani yangu ikiwa juu ya basi na mimi ndani yake, tukitokea kwetu kando ya ziwa. Kwetu jua hukausha samaki na binadamu bila kubagua. Keroka nilikuta baridi ambayo, naapa, asubuhi moja iligandisha povu la sabuni shavuni pangu kabla sijashika wembe. Mvua ilinyesha siku nane kwa wiki, na siku ya tisa ukungu ukashuka kuuliza kama mvua imesahau kitu. Mke wangu alibaki nyumbani, maana mama yangu alikuwa mgonjwa wa kuuguzwa na hakuweza kuachwa. Nikapanga chumba katika safu ya maduka yanayotazama barabara ya Kericho: mbele cherehani, katikati pazia, nyuma ya pazia kitanda na jiko la makaa.

Kazi haikukosekana. Nilishona sare za shule nyingi kiasi kwamba zikitandazwa zingefika Kericho na kurudi. Nilichokosa ni mtu wa kuongea naye. Wateja walizungumza Ekegusii wao kwa wao, juu ya kichwa changu, kama watu wanaopitishiana mzigo juu ya ua. Walipogeuka kwangu, Kiswahili chetu kilikuwa cha vipimo tu. Kiuno. Bega. Mguu. Itakuwa tayari lini? Alhamisi. Siku nyingine nilifunga duka jioni nikagundua kwamba maneno yote niliyosema tangu asubuhi yangeenea kwenye kiganja, na mengi yake yalikuwa inchi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Wasabato walikwenda kanisani, na Keroka nzima, naona, ilikuwa ya Wasabato siku hiyo. Hata kinu cha posho ng'ambo ya barabara kilinyamaza. Nilikuwa nasikia sindano ikiingia kitambaani na kutoka. Nilikuwa nasikia nywele zangu zikiota.

Mzee alikuja kila siku ya soko. Alikuwa mtu mrefu, koti la kijeshi lililokwisha rangi, kofia mkononi. Zamani za vita alikuwa mpishi wa askari, na Kiswahili chake alikipata huko, kwa hiyo alisalimia kama anayetoa amri na kutoa amri kama anayesalimia. Aliniletea viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa katika jani la mgomba, bado vina moto. Tulikula pamoja, yeye nje kwenye kiti, mimi ndani kwenye cherehani, mlango ukiwa katikati yetu. Alinisimulia sufuria za vita, ambazo kwa maelezo yake moja iliweza kupikia kabila zima na masalio yakabaki. Mimi nikamsimulia samaki wa kwetu, ambao sikukubali wawe wadogo kuliko sufuria zake.

Lakini hakuingia ndani hata siku moja. Mvua ilipopiga aliusogeza mgongo wake ukutani, maji yakamdondokea magotini, na bado hakuingia. Mwaka wa kwanza niliumia sana. Nilidhani ananusa samaki kwangu, ingawa samaki wenyewe nilikuwa nimewaona mara ya mwisho Krismasi. Nikamuuliza mama aliyeuza ndizi barazani petu, pembeni ya mlango wangu.

"Fundi," akasema, "wewe ni mjinga, na unakaa hapa siku zote na macho. Yule amekuhesabu mtoto wake. Wewe rika moja na kifungua mimba wake. Una bibi, una kitanda humo nyuma ya pazia. Baba hawezi kuingia nyumba ya mtoto wake ameoa. Hiyo ni chinsoni."

Chinsoni, akanifafanulia, ni heshima iliyochanganyika na aibu, kati ya wazazi na watoto wao. Tangu siku ile, mvua ikimdondokea mzee magotini, nilikuwa natazama matone yale kwa fahari ya kipumbavu, kama mtu anayeonyeshwa shamba lake.

Sasa ngumbaro. Masomo ya watu wazima yalianzishwa kwenye darasa la shule ya msingi, mara tatu kwa wiki baada ya kazi, chini ya taa ya karabai. Nilijiandikisha siku ya kwanza, na nasema bila kujisifu kwamba nilikuwa mwanafunzi bora kuliko wote kuanzia ziwani mpaka Mlima Kenya. Mwalimu wetu, kijana mwenye subira ya ng'ombe, alikuwa na desturi ya kutusomesha karatasi za maisha yetu: risiti ya majani chai, barua ya chifu, tangazo la posta. Wiki moja alituletea karatasi ya sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli. Tukaisoma kwa zamu, kidole juu ya neno. Mwenye nyumba akitaka kumwongezea kodi mpangaji aliyemo tayari, haruhusiwi kumwambia kwa mdomo. Sharti ampe notisi kwa maandishi, katika fomu iliyowekwa, na notisi hiyo haianzi kufanya kazi mpaka ipite miezi miwili. Mpangaji naye ana mwezi mmoja wa kujibu, kwa maandishi, kama anakubali au hakubali. Asipokubali, lipo baraza la kuwaamua.

Nilitoka darasani nikiwa wakili. Nilitembea barabarani kifua mbele, nikitamani mtu yeyote anionee.

Siku ya soko haikukawia. Mzee alikaa, akauliza dunia inasemaje, halafu akaanza safari ndefu ya maneno. Alianzia kwenye mabati ya paa, akapitia michai yake michanga kule milimani upande wa Kebirigo, akafika kwa kitindamimba wake aliyeitwa shule ya sekondari, wa kwanza katika nyumba yao, na karo, na blanketi, na sanduku la chuma. Nilijua anakokwenda. Mtu yeyote angejua. Na ukweli ni kwamba sikuwa na shida ya kulipa. Sare za yule mtoto nilikuwa nimekwisha kuamua moyoni nitamshonea bure.

"Kwa hiyo, fundi," akamaliza akitazama kofia yake, "mwisho wa mwezi huu, hii nyumba itapanda kidogo."

Barazani walikuwapo wateja wawili wakingoja suruali, na mama wa ndizi. Laiti wasingekuwapo. Nilisimama kabisa, mkanda wa kupimia ukining'inia shingoni, nikamwambia mzee kwamba serikali imekataza. Nikamtajia fomu. Nikamtajia baraza. Nikatumia sauti ya mwalimu.

"Sheria haikubali mdomo, mzee. Inataka karatasi. Na miezi miwili kamili."

Wateja walicheka, mmoja akapiga paja. Mama wa ndizi alicheka pia, akasema fundi amekula kitabu chote na jalada. Mzee aliwangoja wamalize.

"Miezi miwili," akasema.

"Kamili."

Akainuka, akaondoa kisigino chake chini ya kiti taratibu, akavuka barabara. Viazi vyake alikuwa amekwisha kuniachia. Nilivila nikiwa na furaha, na vilipofika nusu furaha ikaisha, sikujua kwa nini.

Siku ya soko iliyofuata alikuja, akabaki amesimama. Alikuwa amekwenda Kisii mjini kuitafuta fomu kwa makarani, na aliitoa ndani ya Biblia yake, haina mkunjo. Hakujua kusoma wala kuandika. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mtu wa kumjazia hana. Kitindamimba yuko bwenini. Wazee wa kanisa wakiiona kodi mpya watatangulia kupiga hesabu ya zaka. Waandishi wa barua wa sokoni kazi yao ni kuuza mambo ya watu reja reja.

"Ninaamini wewe tu," akasema. "Andika."

Basi nikaandika. Sidhani kama kuna mpangaji mwingine katika jamhuri aliyejiandikia notisi yake mwenyewe kwa mwandiko mzuri namna ile. Nilijaza jina la mwenye nyumba, nikajaza jina la mpangaji, nikamsomea kila mstari, akaitikia kila mstari kwa kichwa. Mahali pa sahihi nililowesha kitambaa kwa wino wa kalamu yangu, akabonyeza kidole gumba juu yake, kisha juu ya karatasi. Halafu, kwa kuwa karatasi ilikuwa mkononi mwangu, aliniomba nimrudishie, ili anikabidhi rasmi. Nikamrudishia. Akanikabidhi, kwa mikono miwili, kupitia mlangoni.

Nilifuta kiti vumbi nikamwambia akae.

"Hapana, mwanangu. Sasa tuna shauri, mimi na wewe. Watu wana shauri hawakai pamoja, hawali pamoja, mpaka shauri iishe. Hata wazungu wa vita walikuwa namna hiyo." Akavaa kofia. "Umesema miezi miwili."

Nilitaka kumwambia kwamba notisi si kesi, kwamba hakuna aliyemshtaki mwenzake, kwamba ni karatasi tu. Lakini ni mimi niliyekuwa nimetangaza baraza na serikali mbele ya watu. Wakili hawezi kugeuka wiki moja baadaye akasema alikuwa anatania. Mzee akavuka barabara, akakaa kwenye gunia lililopinduliwa nje ya kinu cha posho, mgongo wake kwangu.

Ndivyo alivyokaa kila siku ya soko. Nilikuwa nauona mgongo ule kupitia mlango, koti la kijeshi jeupe kwa vumbi la unga, kama mlima mdogo uliohamia mjini kuninyima mandhari. Nilishona nikiutazama. Nilishona mfuko wa suruali ya mwenyekiti wa ushirika kwenye goti. Mvua za Machi zilipoanza, mzee alisogea chini ya paa la kinu, na huko watu walikuwa wengi, wakinguruma kwa lugha yao, na yeye katikati yao akicheka, nadhani sufuria zilezile.

Nilianza kuongea na cherehani. Haikujibu vibaya. Jumamosi nilikaa kitandani nikisoma kitabu cha ngumbaro kwa sauti, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na nilipomaliza bado ilikuwa saa nne asubuhi. Wiki ya kwanza ile niliyoachwa nilichukua kiti, nikapima mguu mfupi, nikaunganisha kipande cha mti kwa misumari miwili na gundi. Kikasimama sawasawa. Nikakirudisha nje penye nafasi yake. Mteja alipotaka kukikalia nilimwambia gundi haijakauka. Nilisema hivyo wiki saba.

Siku moja nikaamka na hekima. Sheria imenipa mwezi wa kujibu: basi nijibu, nikubali, shauri life. Niliketi nikaandika barua kwa mkono wangu wote. Nilianza kiserikali. Kuhusu notisi yako uliyonikabidhi, mimi mpangaji nimekubali kodi mpya bila pingamizi. Hapo barua ilikuwa imekwisha kisheria. Lakini karatasi ilikuwa na nafasi chini, na nje mvua ilikuwa inanyesha, na kalamu ikaendelea. Niliandika kwamba kiti nimekitengeneza mguu na hakiyumbi tena. Niliandika kwamba viazi vya sokoni ninavyonunua havina ladha ya vyake. Niliandika kwamba hapa Keroka sina mtu mwingine, na kwamba Jumamosi ndiyo ndefu kuliko siku zote. Nikaikunja kabla sijaisoma tena.

Mama wa ndizi aliipeleka ng'ambo. Nilimwona mzee akiipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaiingiza katika mfuko wa ndani wa koti. Kisha akageuka tena na mgongo wake.

"Amesema nini?" nikamuuliza mama aliporudi.

"Amesema asante."

"Hukumwambia nimekubali?"

"Nimemwambia. Nimesema, tata, fundi amekubali, rudi ukae." Alipanga ndizi zake upya, akawa anajizuia kucheka. "Akasema sheria haikubali mdomo."

"Lakini karatasi si anayo."

"Anayo. Nani wa kumsomea?"

Nikatazama mgongo ule. Katika Keroka yote, katika Kisii yote na Nyamira, mtu aliyemwamini kumsomea karatasi ile alikuwa mmoja, na mtu huyo alikuwa na shauri naye. Barua yangu ilikuwa imekaa mfukoni mwake, mita ishirini kutoka kwangu, bubu. Ningeweza kuvuka barabara. Ilikuwa barabara ya kawaida, yenye mashimo ya kawaida na malori ya kawaida. Nilifika mpaka ukingoni siku mbili, na mara zote mbili nikakumbuka vile wale wateja walivyocheka na vile nilivyosimama nikiwafurahia, nikarudi kwenye sare zangu.

Miezi miwili iliisha katikati ya wiki, kamili kama nilivyoagiza. Siku ya soko iliyofuata palinyesha mvua iliyoweza kumwosha mtu dhambi za babu yake. Kinu kilikuwa kinanguruma, gunia lilikuwa mahali pake, halina mtu. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni, chini ya ukingo wa paa, koti limelowa mpaka ndani. Mkono mmoja viazi. Mkono mwingine barua.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, mzee."

"Basi nisomee."

Nikaifungua. Pembeni ilikuwa imelainika kwa jasho na mvua, lakini maneno yote yalikuwapo, mwandiko wangu mzuri. Mama wa ndizi alikuwa amesogea karibu kujikinga mvua. Nikasoma kiserikali. Kuhusu notisi yako. Mimi mpangaji. Nimekubali kodi mpya bila pingamizi. Nikaishia hapo.

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

Mzee alinyoosha kidole juu ya karatasi, kilekile cha gumba. "Imejaa mpaka huku chini."

"Hizo ni salamu, mzee. Za kiserikali."

Akaichukua barua, akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha mfukoni. Akageukia kiti. Alitanguliza kalio la kushoto, kisigino kikatafuta nafasi chini ya mguu mfupi, kisipate, kikagonga mti, na nusura mzee mzima aangukie upande wa pili. Akajishika ukutani. Akayumba kidogo kushoto, kidogo kulia. Kiti kilitulia kama jiwe.

"Kimetengenezwa."

"Ndiyo, mzee."

"Lini?"

"Wiki ya kwanza."

Alifungua jani la mgomba. Mvuke ukatoka, akanipitishia kiazi mlangoni. "Mimi nilikuwa nimekizoea vile," akasema.

Jioni ile niliazima msumeno wa seremala nikakata kile kipande.

Alirudi siku zake za soko kama zamani, kodi nikalipa mpya, sufuria za vita zikaongezeka ukubwa. Kuhusu barua hakuuliza, nami sikutaja. Ilikaa katika koti lile. Siku nyingine akiinama nilikuwa naiona pembe yake. Mwezi wa Aprili shule zilifungwa, na kitindamimba akaja likizo na sare niliyomshonea, mrefu kama baba yake, akisoma kila kibao cha duka kwa sauti alipopita, vizuri kuliko hata mimi. Wiki zile zote nilishona nikiwa nimeinamisha kichwa, nikijua barua imepata wa kuisoma. Shule zikafunguliwa, akaondoka.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye cherehani, mji umekufa kama kawaida, nikisikiliza sindano. Nikasikia viatu. Mzee alikuwa anatoka kanisani, Biblia kwapani, akapita kinu kilichofungwa, akavuka barabara. Alisimama mbele ya mlango akaniambia kwamba siku hii mtu haruhusiwi kuongea habari za kodi wala kazi, na kama nina neno la namna hiyo nilitunze mpaka jua litue.

Nikamwambia sina.

Akanitazama mguu uliokuwa kwenye pedali, mpaka nikauondoa. Kisha akatanguliza kalio la kushoto, kisigino kikaingia mahali pake, akashusha uzito wake wote.